Kunde Zilizomenywa

4 Februari

Dada yangu Afande,

Salamu nyingi zikufikie hapo jikoni, ukiwa na mwiko mkononi kama ninavyokujua. Huku hatujambo. Wifi yako anashona mapazia ya watu na kulalamika kwamba ya kwake yamechakaa. Binti yetu ameota meno ya mbele na anauma kila kinachomkaribia, hata tandiko la baiskeli yangu. Mama vipi na kikohozi chake? Na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Msalimie.

Mimi nimebadilishiwa njia pale duka la dawa. Yule mwenzangu aliyekuwa akipeleka dawa upande wa mlimani ameacha kazi, na msimamizi akaniangalia mimi. Nikakubali haraka haraka, maana nilidhani kilima ni kilima tu. Dada, kile si kilima, ni ukuta uliolazwa kidogo. Mzunguko wa asubuhi naumaliza vizuri. Wa mchana ndio unaonimaliza mimi. Nikifika kwenye karakana za maseremala magoti yanalegea, naona nyota mchana kweupe, na inabidi nishuke niisukume baiskeli huku wazee wanaosubiri dawa zao wakinichungulia madirishani. Wengine wameshapiga simu kulalamika. Msimamizi kaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba nikiendelea kuchelewa atanirudisha ndani nikafungashe vidonge, na baiskeli atapewa mwingine.

Unanijua. Kazi ya kukaa ndani siiwezi. Nikivuliwa ile baiskeli sijui hata nitajiitaje.

Wewe unapikia wagonjwa kila siku, na hapo hospitali kwenu kuna yule bwana lishe mnayegombana naye. Hebu niambieni, mtu anayepanda mlima kwa baiskeli ale nini kila siku ili nguvu zisimwishie njiani? Nataka na chakula cha kubeba mchana, cha kushibisha, kiwe laini na kisipoe upesi.

Barua nampa dereva wa lori la mboga, kwa kuwa simu umeipiga marufuku.

Mdogo wako,
Kijiti


15 Februari

Mdogo wangu Kijiti,

Barua imefika ikinuka vitunguu. Huku wazima. Mama kikohozi kimemwachia, sasa anakohoa tu akitaka kuingilia mazungumzo. Shemeji yako anakoroma kama zamani, na siku hizi anadai ni mimi.

Simu nimeipiga marufuku na sababu unaijua. Kwenye simu unanidanganya kwa sauti tamu. Kwenye barua, ukifika mahali pa kudanganya, mwandiko wako unalala upande. Nimeisoma hii yako mara mbili na kuna mstari umelala. Ni ule wa chakula kiwe laini. Laini ya nini? Meno yako nayajua, ulikuwa unafungulia nayo soda.

Tuanze na wifi. Sina neno naye, ni mtoto wa watu na anajua kusalimia. Lakini mwanamume aliyeoa akiona nyota mchana kweupe, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye jiko. Anakupa nini asubuhi? Usiniambie chai. Chai ni maji yaliyopata rangi. Na ule mkate wenu mweupe unapanda haraka na kushuka haraka, unakuacha katikati ya mlima ukimlaumu msimamizi.

Nimemuuliza bwana lishe. Alifurahi mno kuulizwa na mimi, akavuta kiti. Anasema, na safari hii nakubaliana naye, kwamba mwendesha baiskeli anakula kabla ya kuhisi njaa. Njaa ikishafika, umechelewa. Asubuhi mapema unywe uji mzito wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, na yai ukilipata, halafu ukae kidogo kabla ya kupanda baiskeli. Mfukoni uweke ndizi mbivu na viazi vitamu vilivyochemshwa, ule kidogo kidogo njiani, usisubiri kusimama chini ya mlima na kujijaza kama gunia. Chupa ya maji itie sukari kidogo na chumvi, hiyo ya kuonja tu kwa vidole. Wewe unatoka jasho, na jasho linakunywa chumvi yako. Mchana ule wali au viazi, mboga za majani na kitu cha kujenga mwili. Maharage na nyama vikae usiku, ukiwa huendi popote. Na ulale.

Sasa niandikie kila unachokitia mdomoni kwa siku nzima. Kila kitu. Usinifiche hata andazi.

Dada yako


9 Machi

Dada Afande,

Samahani kwa kuchelewa. Lori liliharibika na dereva akakaa na barua yangu ya kwanza mpaka ikalowa, hii ni ya pili. Huku mvua zimetuandama na breki zangu zinalia kama paka. Wifi yako anakusalimu, na anasema amesikia ulivyoandika habari za mwenye jiko. Sikumsomea, aliisoma mwenyewe wakati naoga.

Dada, wifi yako usimwonee. Tangu barua yako ifike anaamka kabla yangu na kukoroga uji mpaka mwiko unasimama wima. Viazi anachemsha. Chupa ya maji naitia chumvi na sukari kama ulivyosema, na kweli mzunguko wa asubuhi sasa naupita huku napiga mluzi. Mchana nabeba ile hotipoti kubwa tuliyopewa siku ya harusi. Anaijaza wali, mboga, na viazi vya kuponda, anaikandamiza kwa kijiko ndipo anafunga. Wenzangu dukani wanasema nabeba chakula cha msiba.

Lakini mlima wa mchana bado unanishinda. Juzi niliegemea ukuta wa maseremala mpaka mmoja akanitolea kigoda. Msimamizi alijua kabla sijarudi, sijui nani alimwambia.

Nina maswali kidogo, ni ya kutaka kujua tu. Mboga za majani zikipikwa bila chumvi kabisa, zinaweza kupata ladha kwa kitu kingine? Na viazi vya kuponda vinaharibika mtu asipovila vyote kwa wakati mmoja? Muulize bwana lishe, msigombane.

Mama nampa pole na hongera ya kikohozi.

Kijiti wako


14 Machi

Kijiti,

Hatujambo wote. Mama anasema breki zipakwe sabuni kavu, sijui kaipata wapi hiyo, usiifuate. Nakuandikia jikoni, kwenye mlango wa stoo, huku nikimwangalia msichana anayemenya vitunguu kama anavionea huruma.

Hotipoti ya harusi yako naijua, niliinunua mimi. Nilichagua ile kubwa makusudi ili ukipata wageni wifi asiaibike. Ikijazwa na kukandamizwa kwa kijiko, inashibisha watu wazima wawili na mbwa anapata mabaki. Halafu unaniambia ulikula yote hiyo ukaishiwa nguvu baada ya muda mfupi? Kijiti, mimi kazi yangu ni kugawa chakula. Nikiangalia sufuria najua wamekula wangapi. Huyo wa pili ni nani?

Na chumvi. Mtu anayetoka jasho nimemwambia atie chumvi, anatia, anapiga mluzi. Kisha mtu huyo huyo ananiuliza habari za mboga zisizo na chumvi. Hapa hospitali chakula kisicho na chumvi kinakwenda wodi moja tu, ya wenye presha. Kwa hiyo nina mawazo mawili, na yote yananinyima raha.

La kwanza, unaumwa na unanificha. Kama ni hivyo nenda ukapimwe kesho, na usipande huo mlima mpaka umepimwa.

La pili sikutaka kuliandika. Dereva wa mboga anasema alikuona mchana umeiegesha baiskeli kwenye uchochoro nyuma ya maseremala. Uliingia kwenye chumba chenye pazia la bluu ukiwa na hotipoti, ukatoka unaitikisa kuonyesha kwamba ni tupu. Na ulikuwa unacheka. Nilijiambia labda ni mteja. Lakini mteja anapelekewa dawa, hapelekewi wali. Mke wako anaamka alfajiri kukoroga uji ili wewe ukamlishe mwanamke mwenye pazia la bluu?

Nijibu. Na mwandiko usimame.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Mama salamu. Shemeji salamu.

Nimepimwa. Presha yangu ni ya kijana, mpimaji mwenyewe ndiye aliyesema. Sukari iko sawa. Uzito umepungua, na hilo sikuhitaji kupimwa.

Sina mwanamke mwenye pazia la bluu. Naapa kwa meno mapya ya binti yangu. Na yule dereva wa mboga mwambie aangalie barabara, ana macho kuliko taa za lori lake. Sasa hivi hata barua nampa kwa wasiwasi, nimeifunga kwa gundi ya kiraka cha tairi. Ikifika imefunguliwa uniambie.

Kumbe dada unanipeleleza. Nilikuuliza ushauri wa chakula, nikapata askari. Wifi yako naye ameanza kunusa mashati yangu, na najua mbegu hiyo ilitoka kwenye barua gani.

Naendelea na uji. Naendelea na chumvi kwenye chupa. Asubuhi ni mzima, mchana bado ni yale yale. Msimamizi ameniita tena. Safari hii hakuwa mpole, na kwa kweli nilifarijika kidogo.

Jambo dogo la mwisho, usilitafutie maana. Kunde zinaweza kutolewa maganda kabla ya kupikwa? Ndogo vile, moja moja? Niliambiwa zipo nyumba wanamozipika hivyo, na wifi yako alicheka, anasema hajawahi kuona.

Kijiti


10 Aprili

Sikusalimii.

Barua yako ilifika haijafunguliwa. Niliisoma nimesimama jikoni, mkono mmoja kwenye mfuniko wa sufuria. Nilipofika kwenye kunde nikaketi kwenye gunia la mchele, na wapishi wenzangu wakadhani nimesikia habari ya kifo.

Wewe ulikuwa mchanga, hujui ulichouliza, ndiyo maana umeuliza. Ngoja nikwambie. Ndiyo, kunde zinatolewa maganda. Zinalowekwa usiku, asubuhi zinafikichwa kwa viganja ndani ya maji mpaka maganda yanaelea, yanamwagwa, zinafikichwa tena. Kazi hiyo niliifanya mimi kabla sijaweza kufunga kamba za viatu. Mama akifanya upande huu wa beseni, mimi upande ule. Tulimfanyia mtu mmoja. Alikuwa fundi saa na alikuwa na jicho la kuona vumbi ndani ya vumbi. Ganda moja likimponyoka mtu, alilitoa kwenye kijiko, akalilaza ukingoni mwa sahani, akaniangalia na kusema, "Una haraka, mwanangu." Hakugomba. Alisema kwa sauti ya chini, vile vile, kila siku. Nilitamani agombe.

Siku moja alitoka kwenda kufuata springi ya saa ya mteja. Hakusubiri chakula. Huyo mteja alikuja kuulizia saa yake mpaka akachoka, na sisi tukachoka baada yake. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama.

Sasa nimeelewa yote. Chakula laini ni cha mtu asiye na meno. Mboga bila chumvi ni za mtu wa presha. Nusu ya hotipoti anaila mtu wa nyuma ya pazia la bluu. Ni heri angekuwa mwanamke, Kijiti. Nasema kweli. Mwanamke ningekuja kumfukuza.

Unajimaliza kwenye huo mlima kwa ajili yake? Unataka kupoteza kazi kwa ajili yake? Alikujaje kwako? Alikutafuta? Anataka nini? Watu wa namna ile hawarudi bila kutaka kitu.

Mama asijue. Ukimwandikia mama neno lolote, mimi na wewe basi.


6 Mei

Dada yangu,

Nakusalimu hata kama hunisalimii. Nilichelewa kujibu kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa kwenye bandeji. Nilianguka. Usishtuke, ni mchubuko na kidole kilichoteguka. Nilikuwa karibu kufika juu, giza likanijia mchana, na nilipofumbua macho nilikuwa nimelala na gurudumu la mbele limepinda na chupa za dawa ya kikohozi zimepasuka barabarani. Msimamizi amesema hii ni nafasi ya mwisho. Nikianguka tena, ni ndani kwenye vidonge.

Kwa hiyo nakwambia, na mwandiko ukilala ni kidole hiki.

Hakunitafuta. Mimi ndiye niliyempelekea dawa yake ya presha, siku yangu ya kwanza kwenye njia ile. Jina kwenye paketi lilikuwa lile lililo katikati ya jina langu. Nikasema majina yanafanana. Akafungua pazia, na dada, nilimwona mtu mwenye masikio yangu. Ndani mna kitanda, meza, na saa nyingi ukutani zisizotembea. Macho yamekwisha, hawezi tena kuzitengeneza. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha chai na mkate mweupe. Nikamuuliza anakula nini kingine. Akasema, "Hicho unachokiona."

Siku ya pili nikampa nusu ya chakula changu. Siku ya tatu nikaona aibu kutompa. Kunde nilimpelekea mara moja. Alizichokonoa, akaweka maganda pembeni, akaniuliza kama kwetu hakuna mtu wa kumenya. Nilidhani ni udhaifu wa wazee. Wallahi sikujua kwamba nagusa kidonda chako.

Sijamwambia mimi ni nani. Labda anajua na ananyamaza. Wakati mwingine ananisikiliza nikipumua baada ya mlima, na anatabasamu kwa namna nisiyoipenda. Sijui anataka nini. Hajaomba chochote. Hata hilo linanitia wasiwasi.

Wifi yako anajua sasa. Alilia, kisha akakasirika kwamba nilimwacha adhani ni mwanamke.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijajua kama nimemsamehe, simjui vya kutosha. Ila siwezi kupita pale na hotipoti imejaa na nisisimame. Na siwezi kusimama na bado nikapanda mlima. Nisaidie hapo tu. Nataka chakula changu kitoshe.

Kijiti


17 Mei

Mdogo wangu,

Pole na kidole. Shemeji yako anasema gurudumu lililopinda usilinyooshe kwa nyundo, tafuta fundi. Mwambie wifi nimemkosea na ninaomba radhi nusu. Nusu nyingine nitaileta nikija, nimwangalie usoni.

Sijatulia. Nimegombana na bwana lishe bila kosa lake, na siku nzima nimekuwa nikijiuliza mtu huyo anavuta kamba gani. Sijapata jibu. Lakini nimepata jambo moja: wewe utaendelea kumpa. Nikikukataza, utamgawia ukinificha, na safari ijayo hutaanguka juu ya mlima, utaanguka ukishuka. Kwa hiyo sikiliza.

Dereva anakuletea mifuko miwili. Usiichanganye. Mfuko mwekundu ni wako: karanga za kukaanga, unga wa uji niliousaga mwenyewe, na viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, vya kutafuna kwenye baiskeli. Hotipoti kubwa ni yako peke yako. Kula nusu kabla ya mzunguko wa mchana, upumzike, kisha uondoke, na umalizie ukirudi. Usimgawie mtu hata punje. Ukimgawia nitajua.

Mfuko mweupe ni wa mteja wako. Kunde zimemenywa na kukaushwa, zinaiva upesi na kupondeka. Wifi azipike na nyanya na kitunguu, akamulie ndimu ukitaka ladha, chumvi asiitie kabisa. Uweke kwenye chombo kingine. Unga wa uji pia umo. Mkate mweupe na chai avipunguze, mwambie ni amri ya duka la dawa.

Usimwambie vimetoka wapi.

Jambo la mwisho. Nilikuwa uani na beseni, nimekunja mikono, nafikicha. Mama akatoka na kigoda chake, akakiweka upande wa pili. Akaingiza mikono ndani ya maji. Humu ndani hakuna mtu anayekula kunde zilizomenywa, na yeye anajua. Hakuuliza za nani. Alifikicha mpaka zikaisha, akajifuta kwa khanga, akaingia kulala. Mpaka leo hajasema kitu, nami nimeogopa kuanza.

Dada yako


11 Juni

Dada Afande,

Salamu kwa wote, kuanzia mama mpaka mkoromaji. Binti yetu anasimama kwa kushika spoku za gurudumu, na mikono yake ni myeusi kwa grisi kuliko yangu. Wifi ameipokea nusu ya radhi na anasubiri nyingine kwa hamu, ameshona hata pazia jipya kwa ajili ya ujio wako.

Nimepanda mlima. Nimepanda mchana, bila kushuka, bila ukuta, bila kigoda. Maseremala walipiga mbao makofi nilipopita. Wiki nzima hakuna aliyelalamika, na msimamizi jana aliniuliza kama ningependa baiskeli ifanyiwe matengenezo. Nakula kama ulivyoniagiza. Mfuko mwekundu umekaribia kwisha na sijampa mtu, ila karanga kidogo kwa fundi wa gurudumu.

Sasa mfuko mweupe. Wifi alizipika, nikampelekea. Alikula taratibu, akitafuta kwa ncha ya kijiko kama alivyozoea. Nikasimama mlangoni maana sikutaka kukaa. Alipofika katikati, akatoa ganda, akalilaza ukingoni. Baadaye lingine. Akayagusa kwa kidole, haoni vizuri, lakini aliyagusa kwa muda mrefu.

Akasema, "Hizi zimemenywa na watu wawili. Mmoja mkono wake umetulia. Mwingine bado ana haraka."

Dada, sikuwa nimesema neno. Akasogeza sahani, akaniuliza, "Mama yako hajambo?" Nikasema hajambo. Akaniuliza, "Na dada yako?" Nikasema yupo, anapikia wagonjwa. Kisha akasema angependa kutuma salamu, kama zitapokelewa. Hakuomba kingine. Nilimtazama sana nione kama kuna kilichofichwa nyuma ya maneno yake, sikuona, au pengine mimi si fundi wa kuona.

Nilimwambia nimechelewa na mlima. Niambie nimjibu nini.

Kijiti


16 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Nimefurahi kuhusu mlima, nimefurahi sana, hata bwana lishe amenipa mkono.

Barua yako ilifika nikiwa kazini na nikarudi nayo nyumbani. Nilitaka kuificha. Mama alikuwa ameketi uani, akasema, "Lete unisomee," kana kwamba ameiona ikija njiani. Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye watu wawili ilinibidi nirudie.

Alijifunga khanga upya. Kisha akasema, naandika kama alivyosema: "Mwambie salamu zimefika. Na mwambie mwenye haraka alikuwa yeye. Kunde zilikuwa bado ziko motoni."

Halafu akainuka, akachukua beseni, akaloweka nyingine.

Dada yako